Timu ya hoki imeanza msimu vibaya: kocha mkuu aondolewe au avumiliwe? Naomba ushauri

Shabiki_wa_Alberta

Wakuu, heshima kwenu. Kundi letu la mashabiki wa hoki ya barafu linaandaa mdahalo: timu ya NHL (ligi kuu ya hoki ya Amerika Kaskazini) ikianza vibaya, kocha mkuu aondoke? Mfano tuliokubaliana ni Edmonton Oilers wa Novemba 2023. Walicheza mechi 13, wakashinda 3, wakafungwa 9 ndani ya dakika 60 na 1 baada ya hapo, kwenye muda wa ziada. Tarehe 12 Jay Woodcroft akaondolewa, akaja Kris Knoblauch. Timu ikashinda mechi 16 mfululizo na kufika mechi ya saba ya fainali dhidi ya Florida.

Wengi wanasema ushahidi huo unatosha. Mimi naona kuna kitu kinaachwa nje. Wenye kuujua mchezo huu, nianzie wapi?

Mama_Takwimu

Mkuu, anzia golini. Kabla hujamgusa kocha, angalia golikipa anaokoa asilimia ngapi ya mashuti. Katika NHL ya sasa wastani uko karibu na 90. Edmonton katika mechi zile walikuwa chini ya 87.

Piga hesabu. Timu inayopigiwa mashuti 30 kwa mechi, golikipa akiokoa asilimia 90 anafungwa magoli 3. Akiokoa 87 anafungwa 3.9. Kwa mechi 13 tofauti ni karibu magoli 12. Wachambuzi wa hoki huhesabu takriban magoli 6 kuwa sawa na ushindi mmoja, kwa hiyo hapo peke yake zimepotea kama mechi mbili, yaani pointi 4.

Pili, jumlisha asilimia ya mashuti yenu yanayoingia na asilimia ya kuokoa. Kwa muda mrefu jumla hiyo huelea karibu na 100. Mkiwa na 95 au 96 baada ya mechi 13 huku nafasi mnazotengeneza ni nyingi kuliko mnazoruhusu, kuna sehemu kubwa ya bahati mbaya ambayo itarudi yenyewe, awe kocha huyu au mwingine. Edmonton walikuwa hivyo hasa. Siku chache kabla ya kumtoa Woodcroft, uongozi ulikuwa umeshamshusha golikipa Jack Campbell kwenye timu ya AHL, ligi ya chini ya NHL, na Stuart Skinner akabaki namba moja. Wanaompa Knoblauch sifa zote wanasahau hatua hiyo.

Ngosha_Calgary

Dada, hesabu zako nazikubali, ila meneja mkuu halipwi kusubiri bahati irudi. Tazama ngazi waliyokuwa nayo. Kuingia mchujo, yaani hatua ya mtoano inayoamua bingwa, kwa kawaida kunahitaji pointi 95 hivi. Walikuwa na 7, kwa hiyo walihitaji 88 katika mechi 69 zilizobaki, karibu 1.28 kwa mechi. Hiyo ni kasi ya timu inayomaliza msimu na pointi 105. Ukisubiri mechi nyingine kumi ukipoteza sita, mlima haupandiki tena, na nyota wao Connor McDavid anazidi kusogea kwenye mwisho wa mkataba.

Halafu kuna kikomo cha mishahara, yaani jumla ambayo timu haruhusiwi kuizidi kwa wachezaji wake. Mchezaji wa mamilioni hubadilishi Novemba kirahisi, kwa sababu kila timu imejaza nafasi yake. Mshahara wa kocha hauhesabiwi kwenye kikomo. Mwenye timu ataendelea kumlipa aliyeondoka hadi mkataba uishe au apate kazi kwingine, lakini hiyo ni fedha ya mfukoni mwake, haimzuii kusajili. Ndiyo maana kocha huondoka kwanza: ndiye sehemu pekee inayobadilishika katikati ya msimu bila kuvunja kikosi.

Na imewahi kufanya kazi. Los Angeles Kings walimwondoa Terry Murray Desemba 2011, Darryl Sutter akachukua Kombe la Stanley, ubingwa wa NHL, wakiwa wameingia mchujo kama timu ya nane. Pittsburgh walifanya hivyo mara mbili: Dan Bylsma 2009, Mike Sullivan 2016.

Mzee_wa_Barafu

Ngosha, umetaja waliofanikiwa tu. Weka na Boston mezani. Tarehe 19 Novemba 2024 walimtoa Jim Montgomery akiwa na ushindi 8, vipigo 9, na 3 baada ya dakika 60. Mtu huyo misimu miwili nyuma alishinda mechi 65 na kuvuna pointi 135, rekodi ya ligi. Msimu huo golikipa Jeremy Swayman alikuwa amekosa kambi nzima ya maandalizi kwa mvutano wa mkataba, akarudi hajawa tayari. Kocha mpya, Joe Sacco, hakuponya hilo. Boston walimaliza na pointi 76, nje ya mchujo. Montgomery hakukaa wiki bila kazi: St. Louis walimchukua, na timu ikashinda 12 mfululizo na kuingia mchujo.

Na St. Louis wenyewe wa 2018–19 wanasomwa kwa haraka mno. Mike Yeo aliondoka Novemba, Craig Berube akashika, lakini asubuhi ya tarehe 3 Januari walikuwa bado mkiani mwa ligi nzima. Wiki sita na zaidi za kocha mpya, hali ile ile! Kilichogeuza upepo ni Jordan Binnington kuanzishwa golini tarehe 7 Januari. Juni wakabeba kombe. Berube alifanya kazi kubwa, simnyimi haki yake, ila mfuatano wa tarehe ni huo.

Buffalo nao, kuanzia msimu wa 2011–12 hadi wa 2024–25 hawakucheza mchujo hata mara moja. Katika kipindi hicho wamepita makocha wakuu saba, na mmoja wao, Lindy Ruff, akarudi kwa awamu ya pili.

Shabiki_wa_Alberta

Asanteni sana. Basi nielezeni upande wa pili: ni dalili zipi zinaonyesha tatizo ni la kocha kweli, si la golikipa wala bahati?

Mama_Takwimu

Tazama wachezaji wakiwa tano kwa tano, ondoa magoli yaliyofungwa golini kukiwa hakuna golikipa. Chukua angalau mechi 20 kama muda unaruhusu. Kama magoli tarajiwa mnayoruhusu (yanayokadiriwa kwa ubora wa nafasi anazopata mpinzani) yanapanda mwezi kwa mwezi na mengi yanatoka mbele kabisa ya goli, golikipa anasingiziwa.

Kisha fungua video. Kosa la kocha lina sura moja: linajirudia kwa wachezaji tofauti. Mpinzani akiwa na kisahani (ndicho mpira wa hoki ya barafu) nyuma ya goli, mabeki wote wawili wanamkimbilia, mbele ya goli anabaki mtu peke yake. Akifanya hivyo beki mmoja, mrekebishe. Zikifanya hivyo jozi zote tatu za mabeki, basi kanuni ya nani amfuate na nani abaki haijafundishwa ikaeleweka. Vivyo hivyo kutoka na kisahani eneo lenu: beki anageuka kutoa pasi, winga keshakimbilia mstari wa bluu, mpaka wa eneo lenu, pasi inakuwa ndefu na inakatwa.

Angalia pia zamu. Mchezaji hukaa uwanjani kama sekunde 45. Mkiona kila mechi watu wananaswa dakika nzima na zaidi, hasa kipindi cha pili ambapo benchi liko mbali na goli lenu, hiyo ni nidhamu ya benchi, na benchi ni la kocha.

Mnapokuwa na mchezaji wa ziada kwa sababu mpinzani kaadhibiwa, wastani wa ligi ni goli kwa nafasi tano hivi. Timu ya Woodcroft 2022–23 ilifunga asilimia 32.4, rekodi ya NHL. Mtu wa namna hiyo kusema hajui kazi baada ya mechi 13 ni kumwonea.

Ngosha_Calgary

Hapo kwenye video nakuunga mkono kabisa. Bado nasema kwa pointi 7 mimi ningemtoa.

Mzee_wa_Barafu

Shabiki, kwenye mdahalo muulize anayetaka kufukuza: nani anaingia, na lini atafundisha? NHL ina mechi zaidi ya 80 ndani ya miezi sita hivi, tatu au nne kwa wiki, siku za mazoezi kamili ni chache. Kocha mpya hawezi kubadili mfumo wa ulinzi katikati ya safari ya mechi tano ugenini. Atabadilisha safu, dakika za wachezaji na labda jambo moja la ulinzi, basi. Ni bora aingie timu ikiwa nyumbani na siku mbili tatu bila mechi.

Halafu wasaidizi. Edmonton hawakubadili mtu mmoja tu. Dave Manson aliyeshughulikia mabeki aliondoka pamoja na Woodcroft, akaingia Paul Coffey. Knoblauch mwenyewe alikuwa amemfundisha McDavid akiwa kijana kule Erie Otters, timu ya vijana, kwa hiyo hakuanza kwa kujitambulisha. Kama timu yenu haina mtu wa aina hiyo mkononi, kwanza badilisheni golikipa anayeanza, mumpe kocha mechi kumi, kisha mrudi kwenye zile video alizosema Mama Takwimu.