Sare za kwaya: pamba, tetroni au polista? Naombeni ushauri kabla hatujanunua majora

mama_kwaya_mza
Habari zenu wakuu. Kwaya yetu tunashona sare mpya, magauni kwa akina mama, mashati ya mikono mirefu kwa wanaume na joho juu. Kanisa letu ni la bati halina dari, ibada ya pili inaanza saa nne jua limeshachachamaa. Sare za zamani zilikuwa polista tupu, kwenye picha zinang'aa vizuri sana ila wimbo wa pili haujaisha watu wameshalowa mgongoni, na harufu haitoki hata ukifua mara mbili. Sasa dukani nimeonyeshwa vitambaa vitatu, muuzaji anasema vyote pamba lakini bei zinapishana karibu mara mbili. Nitajuaje ipi pamba kweli? Na kwanini polista inachemsha hivi? Hizi hela ni michango ya watu, naogopa kuzitupa.

fundi_kirumba
Dada usitoe hela kabla hujachoma. Omba kipande kidogo, chomoa uzi wa mtande na uzi wa mshindio, yani wa urefu na wa upana, maana kuna vitambaa vina pamba upande mmoja tu. Shika uzi kwa kibanio, washa kiberiti. Pamba inawaka haraka, inanuka karatasi iliyoungua, majivu yake laini ya kijivu ukigusa yanapukutika. Polista inajikunja kwanza kama inakimbia moto, inayeyuka, moshi mweusi, ikipoa inaacha kidonge kigumu hakisagiki kwa vidole (usikiguse kikiwa cha moto, kinaganda kwenye ngozi). Mchanganyiko unawaka kama pamba ila kwenye majivu unakuta punje ngumu. Mtego uko kwenye viskosi, yani uzi wa kiwandani unaotokana na miti, nayo inaungua kama pamba kabisa, hiyo lowanisha uzi halafu vuta, viskosi ikilowa inakatika kirahisi, pamba ikilowa ndo kwanza inazidi nguvu.

spindo_ya_zamani
Nilikuwa kiwandani upande wa kusokota, nijibu la joto. Polista inatokana na petroli, ni plastiki ileile ya chupa za maji. Wanaiyeyusha kwenye joto la nyuzi 260 na zaidi, wanaisukuma kwenye sahani yenye vitundu vidogo mno, inatoka nyuzinyuzi, inapozwa kwa hewa kisha inavutwa mpaka iwe nyembamba na imara. Walioigundua ni Waingereza wawili, Whinfield na Dickson, mwaka 1941. Sasa plastiki hainywi maji, kwenye hewa ya kawaida polista inabeba unyevu kama 0.4% tu ya uzito wake wakati pamba inabeba karibu 8%. Kwahiyo jasho linabaki kwenye ngozi halina pa kwenda. Afu mafuta ya jasho yanang'ang'ania sana polista, hiyo ndo harufu mnayoisikia, wala sio kwamba watu hawafui.

mdau_wa_nyamagana
Hapo mkuu sikubali moja kwa moja. Jezi za mpira ni polista 100% na watu wanakimbia dakika 90, mbona hawalalamiki?

spindo_ya_zamani
Swali la maana sana hilo. Jezi imefumwa kwa vitanzi kama sweta, kwahiyo inavutika na ina matundu, na nyuzi zake nyingi zinatengenezwa zikiwa na vifereji ubavuni, jasho linatambaa humo linatoka upande wa nje linakauka kwa upepo. Kitambaa cha joho ni kinyume chake, kimebanwa, nyuzi zimelala bapa ndo maana kinang'aa, na mwanakwaya amesimama palepale hana upepo. Kwahiyo usiangalie uzi peke yake, angalia na ufumaji. Kiinue kitambaa kwenye mwanga, weka mdomo pulizia, kama pumzi haipiti huko mbele mtaumia hata kiwe pamba.

mama_kwaya_mza
Asanteni sana, Mungu awabariki. Na tetroni je? Muuzaji anaisifia mno.

fundi_kirumba
Tetroni ni polista na pamba, ya kawaida ni 65 kwa 35, mashati mengi ya shule ndo hiyo. Kwa mashati ya akina baba mimi ningeichukua, haikunjamani, inakauka upesi, rangi inakaa. Ubaya wake ikizeeka inaota vibonge kwenye kola na kwapani, nyuzi za polista ni ngumu zinavishikilia havidondoki. Magauni weka pamba, ila pamba inarudi, usikate ikiwa mpya. Kata kipande cha sentimita 50 kwa 50, fua kwa maji ya moto, anika, piga pasi, pima tena, kikipungua loweka jora zima kabla fundi hajashika mkasi. Rangi nayo iangalie hapohapo, futa kwa kitambaa cheupe kilicholowa, ikichuja achana nayo maana kola nyeupe zitaharibika siku ya kwanza. Na bitana mwambie fundi mapema, wengi wanaweka ya polista bila kuuliza, ukinunua pamba ya bei halafu ndani kukawa na bitana ya polista jasho litakuwa lilelile. Joho liacheni bila bitana, au mabegani tu.