Hanesi nimevaa, miguu bado inatetemeka

Swali: Wakuu, mtu anaiaminije hanesi (mikanda ya mwilini ya kukudaka ukianguka) akiwa juu ya mnara? Kichwa kinajua kamba ipo, mikono haitaki kuachia chuma.

Jibu: Imani huanzia chini, mkuu. Jifunge kwenye boriti imara, ning'inia dakika moja miguu ikiwa sentimita 30 tu kutoka ardhini. Mikanda ya mapajani ipitishe kiganja kilichonyooka, ngumi isipite. Pete ya mgongoni ikae kati ya mabega. Ikishuka kuelekea kiunoni, umevaa vibaya.

Jibu: Kagua mishono pia. Utepe uliokakamaa kwa jua, au kifyonza mshtuko (kipande cha kamba kinachofumuka ukianguka ili kupunguza kishindo) kilichofumuka hata kidogo, hicho ni cha kutupa, usibembelezwe na mtu. Halafu piga hesabu: kamba ya mita 2, na kifyonza kikifumuka kinaweza kuongeza hadi mita 1.75. Ukijifunga usawa wa miguu unaweza kugonga chini kabla hujadakwa. Funga kamba juu ya usawa wa kichwa.

Muulizaji: Na mikono?

Jibu: Kamba ya ndoano mbili. Usitoe moja kabla nyingine haijalia "klik". Ukizidiwa, tazama chuma kilicho mbele ya pua, pumua nje polepole.