Nani huandika barua ya kuthibitisha kuwa bega limepona?

Kutoka: Mjeruhi wa Milton Keynes

Ndugu zangu, salaam. Baadhi yenu mnakumbuka kuwa niliteleza na pikipiki huku Uingereza mwezi wa Novemba, nikavunjika mtulinga wa kushoto. Sikufanyiwa upasuaji. Nilifungwa mkono kwa kitambaa cha shingoni, kisha nikaanza fiziotherapia, na sasa ninaingia wiki ya 11. Mkono unapanda mpaka juu ya kichwa, ingawa ukipita usawa wa sikio bega hulia kama bawaba iliyokosa mafuta.

Tatizo langu si bega tena. Kampuni yangu ya bima imeniandikia kwamba haitarejesha kifungu cha kubeba mizigo kwa malipo mpaka niwasilishe barua ya kitabibu inayosema niko tayari kuendesha. Mapokezi ya GP, yaani daktari wa mtaani, wanasema hilo ni la hospitali. Hospitali wanasema wameshanifungia faili na niulize fiziotherapia. Mtaalamu wa fiziotherapia anasema yeye hupima bega, hapimi pikipiki. Na CBT yangu, cheti cha mafunzo ya awali ya pikipiki, inakwisha tarehe 20 mwezi ujao. Naomba mwenye kujua anieleze: barua hii huandikwa na nani?

Kutoka: Dada wa Reading

Pole sana kaka yangu. Usihangaike na mapokezi ya GP, mimi walinizungusha wiki nne kwa ajili ya mgongo. Tangu Julai 2022, Med 3, ile karatasi ya ugonjwa, haisainiwi na daktari peke yake. Wauguzi, wafamasia na wataalamu wa fiziotherapia nao wameruhusiwa. Mwambie huyo mtaalamu wako kwa adabu kwamba sheria inampa uwezo, naye atasaini. Mimi wa kwangu alikuwa hajui kabisa, mpaka nilipomwonyesha kwenye simu.

Kutoka: Mzee wa Coventry

Dada, nakuheshimu, lakini tusimpoteze kijana. Med 3 ni karatasi ya kazi, na huhitajiwa pale ugonjwa unapozidi siku 7. Haisemi neno lolote kuhusu kuendesha chombo barabarani, na bima wakiipokea wataiweka kando.

Asitafute barua hiyo DVLA, mamlaka ya leseni za udereva, pia, kwa sababu kwa mvunjiko wa kawaida DVLA hawampi mtu cheti cha kupona. Wajibu wa kujua kama unaweza kukimudu chombo ni wa dereva mwenyewe, akifuata ushauri wa daktari wake. Kinachomhusu hapa ni miezi 3: daktari akikwambia usiendeshe kwa miezi 3 au zaidi, ni lazima uwaarifu. Wewe uko wiki ya 11, kwa hiyo kumbuka vizuri uliambiwa nini hospitalini na siku gani, kabla hujajaza fomu yoyote.

Nilipovunjika kifundo cha mguu mwaka wa 2009 nilisubiri barua ya namna hii tangu kiangazi mpaka majani yakapukutika. Nyumbani, kijana wa bodaboda akianguka hurudi kijiweni mkono ukiwa bado umefungwa, na hakuna anayemdai karatasi. Sisemi kuwa hilo ni jema, ila kuna jioni nilizitamani siku zile.

Kutoka: Fundi wa Leeds

Wazee wangu mnajadili karatasi, lakini hakuna aliyemuuliza kama bega lenyewe linaweza. Mtulinga wa kushoto ni mkono wa klachi. Kaka, kabla ya barua, panda pikipiki ikiwa imezimwa, shikilia breki ya mbele kwa mkono wa kulia, kisha zungusha usukani wote kuelekea kulia. Hapo mkono wa kushoto hunyooka mpaka mwisho, na ukiwa umenyooka hivyo, vuta klachi mara 20 bila kupumzika. Mimi nilipojaribu baada ya kuteguka bega, nilifika mara ya saba vidole vikaanza kufa ganzi, na nilikuwa nimeshawatangazia watu wote kwamba nimepona.

Halafu jaribu kuishusha kutoka kwenye stendi ya katikati na kuisukuma nyuma. Wengi hudhani bega huumia kwenye mwendo, kumbe huumia zaidi mahali pa kuegesha. Kama wewe una skuta isiyo na klachi, jaribio la klachi halikuhusu, lakini la kusukuma linakuhusu.

Kuhusu CBT, usidanganyike na watu watakaokwambia itasogezwa kwa sababu ya ugonjwa. Ni miaka 2, na ikiisha kabla hujafaulu mtihani kamili, unairudia yote, kwenye uwanja wa mazoezi na barabarani.

Kutoka: Binti wa Bristol

Samahani kwa kuchelewa kuingia. Je, katika wiki hizi 11 anakula nini? Aombe SSP, malipo ya ugonjwa kutoka kwa mwajiri, hulipwa mpaka wiki 28. Na PIP, msaada wa serikali kwa wenye ulemavu au maradhi ya muda mrefu, asiiache.

Kutoka: Mzee wa Coventry

Binti yangu, SSP ni ya mtu aliyeajiriwa. Huyu anajitegemea, kwa hiyo aangalie ESA mpya, msaada wa serikali kwa asiyeweza kufanya kazi kwa sababu ya ugonjwa, ambayo hutazama michango yake ya NI (bima ya taifa) ya miaka 2 hadi 3 iliyopita. PIP nayo hutaka shida iliyokwisha kudumu miezi 3 na inayotarajiwa kuendelea miezi 9 mingine. Mtulinga uliounga haufiki huko, na tumshukuru Mungu kwamba haufiki.

Kutoka: Mjeruhi wa Milton Keynes

Asanteni nyote. Fundi, nimefanya ulivyosema leo asubuhi uani: nilifika mara 13, kisha kiwiko kikaanza kushuka chenyewe. Mzee, nimepekua karatasi za hospitali. Hakuna mahali palipoandikwa miezi 3, wameandika tu nirudi kwenye shughuli zangu kadiri maumivu yanavyoruhusu. Nimewatumia bima ukurasa huo. Wamejibu kwamba hautoshi, na kwamba wanataka barua. Nilipowauliza barua kutoka kwa nani, walinirudishia barua pepe ileile ya kwanza.

Kutoka: Dada wa Reading

Kaka, isome tena barua yao ya kwanza taratibu. Wameandika "daktari" au wameandika "mtaalamu wa afya"? Kama ni la pili, mimi bado nasimama na fiziotherapia, na Mzee aniwie radhi. Tuandikie maneno yao kamili, neno kwa neno, usitufupishie.