Leseni ya programu ya ramani za biashara: kompyuta 3, maduka 640, tuanzie wapi?

Mgavi_IndArea

Habari zenu wadau. Sisi ni wagavi wa bidhaa za dukani (unga, sabuni, mafuta ya kupikia), ghala liko Industrial Area, Nairobi. Tunahudumia maduka kama 640 kuanzia Kawangware hadi Kayole. Orodha yote iko kwenye Excel: jina la duka, mwenye duka, namba ya simu na anwani. Hiyo anwani mara nyingi ni sanduku la posta tu, au maneno kama "mkabala wa steji, Kangemi".

Tunataka kuyaweka maduka kwenye ramani, kisha tuwagawie wauzaji wanane maeneo yao. Ofisini kuna kompyuta 3, na wauzaji wana simu za Android. Je, leseni moja inaweza kuwekwa kwenye kompyuta zote tatu? Kompyuta ikifa leseni inakufa nayo? Kuna programu ya bure ambayo biashara inaruhusiwa kutumia, isiwe ile ya wanafunzi? Na ramani tukishaitengeneza, tunaweza kuichapisha kwenye kalenda ya wateja?

La mwisho: nimejaribu kuingiza orodha, nusu ya maduka yameangukia sehemu moja katikati ya mji, na mengine yako baharini. Shida ni nini?

mchora_ramani

Kuna leseni ya programu, na kuna leseni ya data iliyo ndani ya ramani. Zitenganishe kabla hujatoa hata shilingi. Ukilipia programu hujanunua ramani, na programu kuwa ya bure hakufanyi kila ramani inayofunguka ndani yake iwe ya bure.

Nianze na programu. Leseni za kulipia huuzwa kwa namna tatu. Kuna ya mtu kwa jina lake: anaingia na akaunti yake kwenye mashine yoyote, lakini watu wawili hawaruhusiwi kutumia akaunti hiyo moja. Kuna ya mashine: imefungwa kwenye kompyuta, yeyote anayeikalia anaitumia. Na kuna ya kupokezana: programu inawekwa kwenye kompyuta nyingi, seva ya ofisi inaruhusu idadi fulani tu kuifungua kwa wakati mmoja. ArcGIS, programu ya ramani ya kampuni ya Esri, kwa mfano, siku hizi inategemea zaidi ile ya mtu kwa jina. Kwa hiyo jibu la "kompyuta zote tatu" liko kwenye aina uliyonunua. Kwa ofisi kama yenu sioni sababu ya kununua tatu. Mchoraji ni mmoja. Wengine wanatazama tu, na PDF inawatosha.

Kompyuta ikifa: leseni ya mashine, au ile uliyoichukua ili ufanye kazi bila intaneti, huhesabiwa bado iko kwenye diski ile hata kama diski imeungua. Kabla ya kufomati au kuuza mashine, fungua programu uirudishe leseni kwanza. Ukichelewa, itabidi uandikie mtengenezaji ukiwa na risiti na namba ya leseni, usubiri waiachilie. Isajili kwa barua pepe ya kampuni. Ikisajiliwa kwa barua pepe ya karani, siku akiacha kazi ameondoka na ufunguo.

Muulize muuzaji kama leseni ni ya kudumu au ya mwaka. Ya kudumu huendelea kufanya kazi hata usipolipia matengenezo, ila utabaki na toleo lile lile. Ya mwaka hufunga mlango siku ikiisha. Bei ikiwa ya dola, uliza kama VAT ya 16% imo, na mhasibu wenu aangalie habari ya kodi ya zuio kabla fedha haijaenda nje.

Programu iliyovunjwa kufuli inayouzwa kwenye flashi, iacheni kabisa. Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inalinda programu za kompyuta, na mtu wa kwanza kuulizwa ni kampuni yenye jina kwenye mlango.

Ya bure: QGIS. Iko chini ya leseni ya GPL, yaani ya programu huria, biashara inaruhusiwa, hakuna ufunguo, hakuna idadi ya mashine. Wekeni kwenye zote tatu, na mchukue toleo la muda mrefu, lile linaloandikwa LTR, namba ile ile kila mahali. Mradi uliohifadhiwa na toleo jipya unaweza kufunguka vibaya kwenye toleo la zamani.

Sasa data. Ramani ya OpenStreetMap, ile inayochorwa na watu wa kujitolea, ina leseni ya ODbL (ya data huria) tangu 2012. Kuchapisha kwenye kalenda kunaruhusiwa, hata kalenda ikiuzwa, mradi pembeni pasomeke "© OpenStreetMap contributors" pamoja na anwani openstreetmap.org/copyright. Orodha ya maduka yenu mliyoiweka juu yake inabaki mali yenu. Ila mkirekebisha data yao yenyewe, tuseme mmeongeza vichochoro vya Mukuru, kisha mkaitoa hadharani data hiyo, mnalazimika kuitoa kwa leseni ile ile. Ikibaki ofisini hamdaiwi kitu. Data ya Kenya nzima inapakuliwa kwenye tovuti ya Geofabrik, husasishwa kila siku. Na kwa maeneo yenu ni nzuri: Kibera, kwa mfano, ilichorwa kwa kina na vijana wa Map Kibera kuanzia 2009.

Google ni habari nyingine. Kutazama ni bure. Kuivuta ramani yao ya setilaiti ndani ya QGIS na kuchora juu yake, jambo ambalo video nyingi mtandaoni zinafundisha, masharti yao yanakataza. Mkitaka kuitumia kwenye tovuti au programu yenu, mnafungua akaunti ya malipo na kupata ufunguo. Tangu Machi 2025 kila huduma ya kiwango cha chini, ikiwemo ya kugeuza anwani kuwa nukta, ina maombi 10,000 ya bure kwa mwezi. Maduka 640 hayagusi hapo. Kikwazo chenu kingekuwa sharti: latitudo na longitudo mlizopewa na huduma hiyo hamruhusiwi kuzihifadhi zaidi ya siku 30, wala kuzionyesha juu ya ramani isiyo ya Google. Maana yake hamwezi kujenga orodha ya kudumu ya maduka kwa nukta zao.

nukta_sahihi

Nimalizie hapo kwenye nukta, maana ndipo kazi yote ilipo.

Maduka yaliyorundikana mjini: hilo ni sanduku la posta linaongea. 00100 ni GPO (posta kuu), 00200 ni posta ya City Square. Namba hiyo inaonyesha barua inachukuliwa wapi. Duka linaweza kuwa Dandora. Programu ikikosa kingine cha kushika, inashika posta, au inaweka nukta katikati ya Nairobi tu. Na "Ngong Road" bila kitu kingine inaweza kukupeleka popote kati ya Upper Hill na Karen.

Yaliyo baharini, angalia iko bahari gani. Nukta ikiwa Mediterania, kati ya Uhispania na Algeria, umebadilisha nafasi za latitudo na longitudo. Nairobi ni -1.29, 36.82; ukizigeuza ndipo unapofika. QGIS inataka X iwe longitudo na Y iwe latitudo, na watu huandika kinyume kwa sababu simu hutaja latitudo kwanza. Nukta ikiwa Atlantiki, kusini mwa Ghana, seli zilikuwa tupu au zilisomwa kama 0,0. Na ukiona maduka ya Kawangware yametokea Samburu upande wa Maralal, alama ya kutoa mbele ya 1.29 imepotea: uko kaskazini mwa ikweta.

Kuna kosa la nne lisiloonekana haraka: kila kitu kimesogea kama mita 300 kaskazini au kusini, barabara hazilingani na maduka. Hapo umechanganya ramani ya zamani ya upimaji iliyotumia mfumo wa vipimo wa Arc 1960 na nukta za simu ambazo ni za mfumo wa WGS 84. Usisogeze kwa mkono. Itangaze tabaka (layer) ile ya zamani kuwa EPSG:21037, namba ya mfumo huo wa Arc 1960, programu ihamishe yenyewe.

Kwa orodha yenu, achaneni na kugeuza anwani. Nominatim, huduma ya bure ya OpenStreetMap, inaruhusu ombi 1 kwa sekunde, hivyo maduka 640 ni kama dakika 11 tu, lakini haiwezi kujua "mkabala wa steji" ni wapi. Wauzaji wanapita madukani kila wiki: wachukue nukta wakiwa mlangoni. Wekeni KoboToolbox au QField, programu za kukusanya data, kwenye simu, fomu fupi yenye namba ya duka, nukta na picha ya mbele. Muuzaji asimame nje, mbali na bati, asubiri usahihi ushuke chini ya mita 10 ndipo abonyeze kuhifadhi. Akibonyeza akiwa ndani ya duka au kati ya maghorofa, nukta inaweza kuruka hadi mtaa wa pili. Nukta mlizochukua wenyewe ni zenu. Mnaweza kuzitumia juu ya ramani yoyote, miaka yoyote.

Kila duka lipeni namba yake, mfano KWG-017, na hiyo ndiyo iunganishe fomu na Excel. Mkiunganisha kwa jina, "Mama Njeri Shop" wako watano.

Mgavi_IndArea

Asanteni sana, nimeona: zile za baharini ziko Mediterania kweli. Nikirudi kwenye kugawa maeneo, nilichora mduara wa kilomita 2 kuzunguka kila ghala dogo nikaandika 2, mduara ukafunika hadi Nakuru. Na je, faili moja ikikaa kwenye folda ya pamoja, kompyuta zote tatu zinaweza kuihariri?

nukta_sahihi

Umeandika 2 kwenye tabaka iliyo EPSG:4326, ambako kipimo ni digrii. Digrii 2 ni kama kilomita 222, ndiyo maana Nakuru, Nyeri na Namanga zimeingia. Hamisha tabaka iwe EPSG:32737, kipimo kiwe mita, uandike 2000.

Ila kwa magari mduara unadanganya. Duka lililo ng'ambo ya Thika Road linaweza kuwa mita 400 kwa mstari ulionyooka na kilomita 3 kwa lori linalotafuta pa kugeukia. Tumia kifaa cha "Service area" ndani ya QGIS, kinachopima umbali kwa kufuata barabara, juu ya barabara za OpenStreetMap. Usisahau mwelekeo wa barabara za njia moja: ukiacha sehemu hiyo tupu, lori litapita kinyume kwenye ramani. Kama mnatumia bodaboda pia, iondoeni Expressway kabla ya kupiga hesabu, kwani pikipiki na tuktuk haziruhusiwi juu yake.

Maeneo ya wauzaji nayo yafuate mipaka ambayo watu wanaijua. Nairobi ina wadi 85. Muuzaji akiambiwa "wewe ni Kariobangi Kusini na Umoja I" haulizi tena.

mchora_ramani

Kuhusu folda ya pamoja: GeoPackage, aina ya faili ambayo QGIS huhifadhia data ya ramani, ni faili moja, lakini haipendi wahariri wawili kwa wakati mmoja juu ya mtandao. Ukiona pembeni yake faili zinazoishia na -wal na -shm, kuna mtu bado ameifungua. Ukinakili ile kuu pekee wakati huo, mabadiliko ya mwisho yanaweza kubaki nyuma. Ama mteue mhariri mmoja, wengine wafungue kwa kusoma tu, ama muweke PostGIS, hifadhidata ya ramani inayoruhusu wahariri wengi, kwenye mashine moja. Nayo ni bure. Kwa kompyuta 3 na mchoraji mmoja, ningeanza na mhariri mmoja.

karani_wa_data

Mmesahau kitu kimoja. Jina la mwenye duka, simu yake na nukta ya mahali alipo, vikiwa pamoja, ni data binafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Mapato ya mwaka yakiwa chini ya shilingi milioni 5 na wafanyakazi chini ya 10, kwa kawaida mmesamehewa kujisajili kwa Kamishna wa Data, lakini kwa maduka 640 sidhani mko chini ya hapo. Na msamaha huo ni wa kujisajili tu; kuilinda data hakuna aliyesamehewa.

Kwa vitendo: ramani ya kalenda iwe na jina la duka pekee. Kabla ya kutuma faili kwa mtu wa nje, hamisha nakala mpya na uondoe safu za jina na simu. Ukizificha tu, bado zimo ndani. Mwenye duka aambiwe kwa nini picha na nukta vinachukuliwa, maelezo hayo myaandike juu kabisa kwenye fomu ya Kobo. Na mkianza kufuatilia simu za wauzaji mchana kutwa, hiyo pia ni data yao: wajulishwe kwa maandishi, na ufuatiliaji uzimwe saa za kazi zikiisha.

Mgavi_IndArea

Nimeelewa. Tunaweka QGIS LTR kwenye mashine zote, mhariri mmoja, na Jumatatu wauzaji wanaanza na Kawangware. Hiyo namba ya duka nitaichapisha kwenye stika, ibandikwe ndani ya mlango, ili muuzaji mpya asibahatishe.

nukta_sahihi

Stika ni wazo zuri. Acheni safu ya tarehe ya nukta kwenye fomu, maana vibanda huhama.