Mbunge Akihama Chama, Kiti Kinabaki cha Nani?

Mwana Chumbageni

Assalamu alaikum ndugu zangu wa Tanga, walio nyumbani na walio mbali. Nawaletea swali lililotupozea kahawa jana jioni hapa mtaani. Katiba yetu, katika ibara ya 71, inasema mbunge akiacha kuwa mwanachama wa chama alichokuwamo alipochaguliwa, ubunge wake umekwisha, na hapo Tume ya Uchaguzi huitisha uchaguzi mdogo. Sasa kumbukeni ya mwaka 2018. Maulid Mtulia, mbunge wa Kinondoni kwa CUF, na Godwin Mollel, mbunge wa Siha kwa CHADEMA, walikuwa wamejiuzulu Desemba 2017 na kuingia CCM, wakasimamishwa kugombea viti vilevile walivyoviacha, na Februari wakarudi bungeni kwa kadi nyingine. Septemba ya mwaka huohuo ikawa zamu ya Mwita Waitara wa Ukonga na Julius Kalanga wa Monduli, kwa mtindo uleule. Yaani Taifa lilichapisha karatasi za kura, likasafirisha masanduku na kulipa posho za wasimamizi ili mtu arudi alipokuwa amekaa. Mimi nasema kiti ni cha chama: anayetaka kuhama ahame na begi lake, chama kiteue mwingine amalizie muhula, na fedha hizo zipelekwe kwenye zahanati. Mnasemaje?

Bi Makorora

Mwanangu, umesema vizuri lakini umesahau kwamba chama nacho ni watu, na watu hugombana. Ukikipa chama kiti, umempa yule aliyeshika mhuri. Julai 2017, CUF ikiwa imegawanyika, upande wa Profesa Lipumba uliwafukuza wabunge wanane wa viti maalumu wa CUF, Spika akakubali, na kabla hatujajua kosa lao wanane wengine wakateuliwa. Njoo Novemba 2020: CHADEMA kiliwafukuza wanawake 19, akiwamo Halima Mdee, na hao wakaendelea kukaa bungeni. Katiba ni moja, matokeo mawili. Kwa hiyo nani atakuwa mwamuzi wa kusema chama kimeteua au hakijateua? Mimi heri nipange foleni tena juani, kura yangu nimpe mtu ninayemwona kwa macho.

Ila tusiwalaumu wabunge peke yao. Wao ni waja leo waondoka leo, na sisi wapiga kura wa mji huu tumefanana nao: mwaka 2015 tulimchagua Mussa Mbarouk wa CUF, mwaka 2020 tukampokea Ummy Mwalimu wa CCM kana kwamba hatukuwahi kusema lolote kabla yake.

Barabara ya Kumi na Tatu

Shangazi, nakuheshimu, lakini neno lako la mwisho limenichoma na siwezi kulipitisha. Sisi wa Ngamiani hatukuhama, bali tuliamka asubuhi tukakuta chama ndicho kilichohama. Profesa Lipumba aliacha uenyekiti wa CUF Agosti 2015, uchaguzi ukiwa mlangoni. Tukapiga kura hayupo, tukamshinda Omari Nundu wa CCM hayupo, na madiwani wetu wakawa wengi katika Jiji hayupo. Juni 2016 akatangaza kwamba ametengua kujiuzulu kwake, na baadaye Msajili wa Vyama vya Siasa akamtambua. Hata huo wingi wa madiwani haukutufaa kitu, kwa sababu meya alitangazwa wa CCM na wetu wakasusia vikao. Kisha Machi 2019, Mahakama Kuu ilipompa Profesa ushindi, Maalim Seif, Katibu Mkuu aliyeongoza upande wa pili, akahamia ACT-Wazalendo, na wito ukawa ni kushusha tanga na kupandisha tanga ili safari iendelee.

Maskani yetu, kijiwe cha wanachama, ilikuwa na mlingoti wa mwanzi ulioegemezwa kwenye mwembe. Bendera tuliishusha wenyewe, tukaikunja vizuri, lakini ya pili haikupanda, kwa sababu watu waliokaa benchi moja miaka kumi hawakukubaliana ipande ipi. Ilibaki kamba tupu ikipigapiga mwanzi usiku, na mzee mmoja akaomba ikatwe kwa kuwa ilimnyima usingizi. Sasa wewe unatuambia tulisahau tulichokisema?

Mgeni wa Bandarini

Mimi si mzaliwa wa Tanga, nimekuja kwa kazi, kwa hiyo mnivumilie. Naona mnalia na chama kilichokufa. Chama chenye mizizi hushinda hata katika uchaguzi mdogo, na mfano ni Arumeru Mashariki mwaka 2011, ambako CHADEMA iliichapa CCM mchana kweupe.

Mwalimu Mstaafu, Pongwe

Ndugu Mgeni, Oktoba 2011 ilikuwa Igunga, baada ya Rostam Aziz kujiuzulu, na huko alishinda Dalaly Kafumu wa CCM. Arumeru Mashariki ilikuwa tarehe 1 Aprili 2012, ambapo Joshua Nassari alimshinda Sioi Sumari, mtoto wa marehemu aliyeacha kiti. Nasahihisha kwa sababu ndani ya miezi sita CCM ilishinda Igunga ikashindwa Arumeru, na tofauti hiyo ndiyo inayobeba hoja yangu.

Nimefuatilia chaguzi hizi tangu ule wa Kigoma Mjini wa mwaka 1994, ambao Dk. Walid Kabourou wa CHADEMA aliupinga mahakamani, Mahakama Kuu ikaubatilisha na Mahakama ya Rufani ikaafiki, hoja mojawapo ikiwa ni upendeleo wa Redio Tanzania. Jambo ninaloliona ni hili: uchaguzi mdogo haupimi nguvu ya chama nchini. Unapima nani anaweza kuhamisha watu wake wote na kuwaweka wilaya moja kwa mwezi mzima. Katika uchaguzi mkuu waziri ana jimbo lake la kulinda. Katika uchaguzi mdogo hana, kwa hiyo huja na msafara kupiga kambi kwenu, na barabara iliyosahauliwa miaka minne huonekana na greda. Upinzani ulishinda pale ambapo kulikuwa na mtu au kilio kilichozidi msafara: Temeke 1996 kulikuwa na Augustine Mrema mwenyewe, na Tarime 2008 watu walikuwa bado wanamlilia marehemu mbunge wao, Chacha Wangwe. Pasipo na hayo, ilikuwa kama Chalinze Aprili 2014, ambako Ridhiwani Kikwete alipata zaidi ya asilimia 80, au kama zile kata 43 za uchaguzi mdogo wa madiwani wa Novemba 2017, ambazo CCM ilichukua 42.

Na kwa kuwa mmeanza kuzungumzia mizizi, angalieni washindi hao walikokwenda. Mrema aliondoka NCCR-Mageuzi akaingia TLP mwaka 1999. Nassari alipoteza ubunge mwaka 2019 kwa kukosa mikutano mitatu ya Bunge, na mwaka 2020 akajiunga na CCM.

Barabara ya Kumi na Tatu

Mwalimu, shukrani, lakini huyu Mgeni asiachiwe hivihivi. Anasema chama kilichokufa, wakati anakunywa maji ya mji ambao chama hicho kiliushinda. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu amekuja ili mwenyeji augue.

Mgeni wa Bandarini

Tarehe nimekosea na nakubali. Lakini kama hakijafa, kwa nini hampandishi bendera?

Msambaa Ugenini

Mnagombana kuhusu bendera, na sisi wa Korogwe Vijijini hata nafasi ya kugombana hatukuipata. Stephen Ngonyani, tuliyemwita Profesa Majimarefu, alifariki Julai 2018. Tulijiandaa kwa uchaguzi mdogo wa Septemba, na kabla ya kampeni kuanza tukaambiwa mgombea wa CCM, Timotheo Mnzava, amepita bila kupingwa. Ukonga na Monduli wao walau walisimama foleni. Baba yangu mdogo alikuwa ameisafisha kadi yake ya mpiga kura kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, akiamini kidole chake kitapakwa wino, na mpaka leo ukimtajia demokrasia hukuonyesha kidole kikiwa kikavu. Hivyo, Mwana Chumbageni, unapouliza kama uchaguzi mdogo ni hasara, mimi nakuuliza ni uchaguzi upi.

Halafu zile fomu. Binamu yangu aligombea udiwani katika kata moja ambayo siitaji. Siku ya kurudisha fomu alifika saa nane mchana, akakuta kufuli mlangoni na viatu vya mtendaji vikiwa nje. Mwenye viatu hakuonekana hadi saa ya mwisho ilipopita.

Mwana Chumbageni

Ndugu yangu, hilo la kupita bila kupingwa limeshashughulikiwa na sheria mpya ya uchaguzi ya mwaka 2024: mgombea akibaki peke yake, wananchi watapiga kura ya ndiyo au hapana. Naomba turudi kwenye kiti.

Msambaa Ugenini

Ndiyo au hapana, na kufuli je?

Bi Makorora

Nimesoma yote. Mwalimu, nimekusikia kuhusu misafara, na sitabisha, kwa sababu greda hilo nimeliona mwenyewe na nikalipungia mkono. Lakini wewe wa Barabara ya Kumi na Tatu, usinigeuze adui. Mimi sikusema mlihama. Nilisema tulinyamaza, na mimi nilikuwamo. Halafu hiyo methali, kwetu marehemu mama yangu alikuwa akisema "waja leo, kuondoka majaaliwa". Nimeisema kama wanavyoisema watu wa nje, na hapo nakubali kosa.

Mwalimu Mstaafu, Pongwe

Bi Makorora, zote mbili husemwa. "Waondoka leo" nimeisikia tangu utotoni, na si kutoka kwa wageni.

Barabara ya Kumi na Tatu

Mwalimu, hapo sikubaliani nawe hata kidogo. Hiyo ya "waondoka leo" imebandikwa na watu waliopita hapa kwa basi wakielekea Mombasa. Shangazi, yameisha baina yetu. Kuhusu bendera, Mgeni asidhani tumeitupa. Alipewa kaka mmoja aiweke nyumbani kwake hadi tutakapokubaliana.

Bi Makorora

Mwanangu, huyo kaka si yule mwenye meza ya machungwa ya Muheza soko la Mgandini? Juzi mvua ilipoanza alitoa kitambaa chini ya meza akafunika fungu lake, na mimi nilisimama pale nikachagua manne. Kilikuwa kimekunjwa vizuri sana.