Boda ya abiria: spoku au tyublesi?

Wa Fuoni: Assalaam alaykum nyote. Tujadili bila kutukanana leo. Mie naona boda yoyote inayobeba watu kwa pesa ilazimishwe ringi za spoti (zile za chuma kizima zisizo na nyaya) na tairi la tyublesi lisilo na tyubu ndani, ringi za spoku zenye nyaya wabaki nazo wenye vyombo vyao vya shamba. Wiki iliyopita nlikuwa nyuma ya boda moja njia ya Mwanakwerekwe, tairi la nyuma limekula msumari, tyubu ikapasuka paa, upepo wote ukaondoka pale pale, kijana akawa anayumba kushoto kulia na bi mzima nyuma yake kashika kapu la samaki. Alhamdulillahi hakuna aliyeumia ila changu walitapakaa lami nzima. Tyublesi msumari ukiingia mara nyingi unabaki mle mle umejiziba, upepo unavuja kidogo kidogo, unafika kwa fundi na abiria wako. Kwa nini isiwekwe sheria?

Maweni Tupu: Fuoni lami mpaka mlangoni ndo mana unaongea hivo. Njoo huku kwetu Makunduchi utoke barabara kubwa uingie ndani, jiwe limesimama kama meno ya papa. Ringi ya spoti ikigonga pale inapinda mdomo, na tyublesi mdomo wa ringi ukishapinda tairi halishiki tena, unatia upepo asubuhi adhuhuri hamna kitu. Spoku hata ringi ikibonyea tyubu iko ndani inashika upepo wake, nafika nyumbani, kesho fundi anakaza hapa analegeza pale inakaa sawa. Ya spoti ikipata ufa unanunua nzima, tena na pesa za kuazima

Mkoani Kwetu: Umesema kweli kaka. Pemba ndo usiseme, vilima juu ya vilima, mvua ikipiga ule udongo mwekundu unakuwa kama sabuni, na msimu wa karafuu boda ina gunia na mtu juu ya gunia. Spoku inanesa, ya spoti imekauka tu kila shimo linakuja mgongoni. Mie ringi ni ile ile mwaka wa sita huu, nshabadilisha spoku 9 tu.

Chumvi Nyingi: spoku 9 na zote kazihesabu 😂😂 ndo mana wakasema Mpemba akipata gogo...

Mkoani Kwetu: Malizia. Mbona umeishia njiani? Malizia watu waone ulivyolelewa.

Chumvi Nyingi: utani huo yakhe, ushakuwa mkali

Wete Asili: Utani kila siku upande mmoja. Hebu nambie hiyo spea unayonunua hapo Darajani anakuuzia nani? Ukivuka Dar ukaingia Kariakoo anakuuzia nani? Mtu anayehesabu spoku zake ndo huyo huyo mwenye duka, na asiyehesabu ndo anakopa tyubu kwake. Mie n'na tyublesi lakini kwa hili niko na ndugu yangu wa Mkoani.

Mkoani Kwetu: Ahsante. Sasa weye mwana wa Wete tyublesi unaipeleka wapi na milima ile?

Wete Asili: Milimani huko huko na haijanitupa hata siku moja. Mnaogopa kitu hamjakitumia.

Fundi Pembeni: Nisikilizeni kidogo mie mikono yangu ina grisi hapa. Mnachanganya vitu viwili. Ringi ya spoti si lazima iwe tyublesi! Boda kibao humu mjini zina ringi ya spoti na ndani mna tyubu, mwenyewe hajui mpaka siku ya pancha. Tizama shavu la tairi, yaani ubavu wake, limeandikwa, kama ni TUBE TYPE basi ni la tyubu hata ringi iwe inang'aa vipi, na ukitaka tyublesi ringi yenyewe iwe ya tyublesi pia. Kwa hiyo hiyo sheria ya kaka wa Fuoni watu watanunua ringi za spoti wakatia tyubu mle mle na tyubu itapasuka kama ilivyopasuka ile. Na spoku haiwi tyublesi kwa sababu kila spoku ina tundu lake kwenye ringi, tundu 36, upepo utokee wapi na usitokee wapi. Pili tyublesi inazibwa bila kufungua tairi, unachomeka ile kamba ya mpira kwa sindano yake dakika tano umeondoka, lakini ni pale tairi linapokanyaga njia tu. Shavu likichanwa na jiwe usikubali likazibwa, na hawa vijana wa kando ya njia wanaziba tu chochote wapate pesa yao.

Kompresa Amani: Vijana wa kando ya njia ndo nani? Sema wazi. Mie niko kando ya njia mwaka wa nane na sijapata kuziba shavu. Wenye gereji za bati mnatuona wachafu lakini saa nne usiku ukila msumari unamgongea nani, weye au mie?

Fundi Pembeni: Sijakutaja weye.

Kompresa Amani: Umesema vijana wa kando ya njia, mie kijana, niko kando ya njia.

Mtaalamu wa Bububu: Kumkosoa fundi kidogo. Spoku tyublesi ipo. Pikipiki ya BMW R100GS ya mwaka 1987 spoku zake zimefungwa kwenye kingo za ringi huko nje, hazitoboi katikati, kwa hiyo haina tyubu. Si kweli kwamba haiwezekani.

Maweni Tupu: BMW 😂 nani Mahonda ana BMW anabeba mihogo?

Mtaalamu wa Bububu: Nlikuwa nasahihisha tu elimu.

Bi Kanga Mbili: Mie abiria, mwenye boda hajaniuliza hata siku moja nataka ringi gani. Nnachojua pikipiki za pwani spoku zote kutu. Kijana anakwenda ufukweni Nungwi anaingia majini na chombo apigwe picha, anarudi haimwagii hata kopo la maji baridi, chumvi inakula spoku pale chini zinapoingia kwenye ringi, na ikishashika kutu haikaziki tena, ukilazimisha inakatika. Nimekaa juu ya moja nasikia tikitiki tikitiki mpaka Mkokotoni. Nikamwambia simama mwanangu nshuke, akasema bi hilo ni la kawaida. La kawaida!

Mkoani Kwetu: Basi kosa la mtu hilo bi, spoku zina kosa gani?

Bi Kanga Mbili: Mwanangu mie nimekaa juu ya spoku, sikukaa juu ya mtu.

Ami wa Vespa: Nawasoma tangu asubuhi nacheka peke yangu. Wazee wenu walishamaliza mjadala huu. Vespa haina spoku wala hiyo spoti yenu, ringi ni bati mbili zimekumbatiana zimefungwa nati, unatoa upepo kwanza (uutoe kweli, ukifungua nati na upepo ndani itakuruka usoni), unazitenganisha kwa mkono, tyubu unaibadilisha bila mtaimbo. Na Vespa aina ya PX ina tairi la akiba ndani ya ubavu wa kushoto, linaingia mbele linaingia nyuma. Pancha Bwejuu, nati tano, umeondoka. Boda gani yenu ina tairi la akiba?

Wete Asili: Ami kwa heshima, tairi la inchi 10 kwenye shimo la Konde linazama lote.

Ami wa Vespa: Shimo unalikwepa. Sie tulifunzwa kuendesha.

Chumvi Nyingi: ami na breki zile za dramu unalikwepaje, unaanza kubana Bububu unasimama Mtoni

Ami wa Vespa: Mwanangu mie nimeanza Vespa kabla babako hajaposa. Breki za dramu ukizitengeneza zinashika. Tatizo lenu mnanunua chombo kwa kutizama ringi inavyong'aa.

Kompresa Amani: Hapo ami umesema. Na fundi wa gereji bado hajaniomba radhi.

Wa Fuoni: Jamani swali langu lilikuwa abiria. Fundi kasema kitu kikubwa pale juu cha TUBE TYPE na hakuna aliyemjibu. Mie mwenyewe nimetoka nje kutizama langu.

Maweni Tupu: Limeandikwaje?

Wa Fuoni: ...lina tyubu.

Maweni Tupu: 😂😂😂 na ringi ya spoti! Mtunga sheria!

Wa Fuoni: Aliyeniuzia kaniambia tyublesi. Halafu usicheke, weye ringi yako imebonyea kama sufuria.

Maweni Tupu: Imebonyea na inakwenda. Ami, hiyo Vespa unauza?

Ami wa Vespa: Siuzi. Labda aje mtu anayejua thamani yake.

Chumvi Nyingi: anauza, keshaiosha

Mkoani Kwetu: Ami kama unauza nambie mie kwanza. Lakini tairi la akiba limo ndani ya bei au mbali?

Chumvi Nyingi: sisemi kitu