Naomba ushauri: kempa ya HiAce kama gari la familia

Wakuu, habari zenu. Huu ni mwezi wetu wa pili kutumia Toyota HiAce iliyogeuzwa kempa (gari la kulala safarini), imetoka Japani. Ndilo gari letu pekee: asubuhi shule, jioni sokoni, likizo Lushoto. Watoto wanalipenda mno. Mdogo kila siku anataka anywee uji kwenye kile kimeza cha nyuma kabla hatujaondoka.

Shida ya kwanza ni umeme. Mfumo wa kuchomeka ni wa volti 100 za Japani, sisi hapa ni 230. Nililichomeka nyumbani bila kujua, nikasikia "ta!", harufu ya plastiki ikajaa ndani, chaja ya betri ya ziada ikafa. Fundi mmoja anasema nifunge transfoma ya kushusha umeme. Mwingine anataka niondoe kila cha volti 100, niweke chaja ya 230 na betri ya lithiamu. Friji inakula kama ampea 4, betri ni ya asidi, na najua haifai kuishusha chini ya nusu ya chaji. Njia ipi inadumu kwa joto la Dar?

La pili ndilo linaninyima usingizi. Viti vya nyuma vimekaa kiubavu, mikanda ni ya kiunoni tu, na humo ndimo wanangu wanakaa. Kuna aliyevigeuza vikatazama mbele, akafunga mikanda ya bega? Aliviunga kwenye chesisi (fremu ya chuma ya chini ya gari) au sakafuni tu? Kama unamjua fundi unayemwamini na watoto wako, nielekeze tafadhali.